Bahasha ya Dawa Haina Saa

Kwenye bahasha ndogo ya dawa, hapa kwetu, maelekezo hutoshea katika alama tatu: 2x3. Mgonjwa anajua maana yake, muuza dawa anajua, hata mtoto anayetumwa kuleta maji ya kumezea anajua. Kwa dawa nyingi hesabu hiyo inatosha. Kwa steroidi haitoshi, na upungufu wake hudhihirika saa nane usiku, mgonjwa akiwa macho makavu, moyo unamwenda mbio, kichwani amekwisha kuanzisha mradi wa kuku, kununua vifaranga na kugombana na mshirika ambaye bado hajapatikana.

Dawa zenyewe si ngeni. Prednisoloni huandikwa kwa pumu iliyobana, kwa mtoto aliyevimba kwa ugonjwa wa figo, kwa baridi yabisi, kwa lupasi, kwa mgonjwa wa ukoma ambaye mishipa yake ya fahamu imeshambuliwa. Deksamethasoni hutolewa pamoja na dawa za saratani ili kuzuia kutapika, na Juni 2020 watafiti wa Oxford walitangaza kwamba inapunguza vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye oksijeni au mashine za kupumulia. Zinaokoa maisha. Hilo lisemwe mapema, maana makala za madhara ya dawa zina tabia ya kumfanya msomaji amwage vidonge chooni.

Kwa nini basi zinafukuza usingizi? Kwa sababu zinaigiza homoni ambayo kazi yake mojawapo ni kumwamsha mtu. Tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, hutengeneza kotisoli kwa ratiba: kiwango huanza kupanda usiku wa manane ukielekea alfajiri, hufikia kilele asubuhi mtu anapoamka, kisha hushuka taratibu hadi kuwa kidogo kabisa mnamo saa sita usiku. Mwili umezoea utupu huo wa usiku. Ndani yake ndimo usingizi hujipatia nafasi. Kidonge kimoja cha prednisoloni cha miligramu 5 kinakaribia kazi ya kotisoli yote ambayo mwili hujitengenezea kwa siku. Mgonjwa wa pumu anaweza kuandikiwa miligramu 40, yaani vidonge 8. Akivigawa mara tatu na kumeza fungu la mwisho saa mbili usiku baada ya ugali, ameupelekea mwili habari kwamba kumekucha.

Hapo ndipo familia huanza kutafuta maelezo yake. Mmoja anasema ni mawazo, mwingine anakumbuka deni, wa tatu, ambaye huwa ni shangazi, anauliza kwa sauti ya chini kama nyumba ilisomewa dua kabla ya kuhamiwa. Dua haina ubaya. Lakini kabla ya kumsaka jini, ni busara kuangalia kidonge cha mwisho kilimezwa saa ngapi.

Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hasemi kitu kliniki, na ana sababu. Mwanzoni dawa hizi humpa mtu nafuu ya kushangaza. Septemba 1948, huko Rochester, Minnesota, daktari Philip Hench na wenzake walimdunga mwanamke aliyelemazwa na baridi yabisi dawa ambayo baadaye iliitwa kotisoni, na katika siku chache akawa anatembea. Miaka miwili baadaye Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel. Mtu aliyeinuliwa kitandani namna hiyo huona haya kulalamika kwamba sasa kitanda chenyewe hakimkubali. Daktari anauliza, “Maumivu vipi?” Anajibu, “Namshukuru Mungu.” Foleni inasogea.

Dawa ya kwanza ya tatizo hili, basi, ni saa. Dozi ya mara moja kwa siku humezwa asubuhi, pamoja na chakula. Ikiwa ni lazima igawanywe, mgonjwa amuulize daktari kama fungu la mwisho linaweza kuletwa mchana badala ya usiku. Amuulize, asijiamulie: zipo hali, kama uvimbe wa ubongo, ambapo dawa hugawanywa kwa makusudi. Na aliyelazwa akidungwa kila baada ya saa sita hana la kuchagua. Huyo hata usingizi ukimjia, muuguzi atamwamsha kumpima presha. Kwa deksamethasoni, kumeza asubuhi kunasaidia lakini si sana, kwa kuwa nguvu yake hukaa mwilini siku nzima na nusu au zaidi.

Ramadhani huleta tatizo lake. Mgonjwa aliyeruhusiwa na daktari kufunga huhamishia dozi kwenye futari, kwa mantiki nzuri kabisa: ndipo kuna chakula. Kisha hukesha hadi daku na kudhani ni baraka za mwezi. Kama dozi ni moja tu, daktari aulizwe kuhusu kuimeza wakati wa daku, karibu na alfajiri.

Jambo ambalo halifai kabisa ni kuacha dawa ghafla ili ulale. Aliyetumia steroidi kwa zaidi ya wiki tatu hivi, tezi zake huwa zimepunguza kazi kwa kuona soko limejaa bidhaa za wengine. Dawa ikikatwa siku moja, mwili unabaki bila homoni: udhaifu, kutapika, presha kuanguka, hata kifo. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo kwa ratiba ya daktari. Kinacholala wakati huo ni tezi, si mgonjwa, na yeye ndiye anayepaswa kuzisubiri ziamke.

Si kila kuamka usiku ni kosa la homoni moja kwa moja. Steroidi hupandisha sukari, na mtu anayeenda msalani mara nne usiku huku ana kiu isiyokatika anahitaji kupimwa sukari, wala si kusifiwa kwa kunywa maji mengi. Kiungulia nacho huamsha. Chai nzito ya jioni, kahawa ya barazani na miraa huongeza chumvi kwenye kidonda, hasa miraa, ambayo watu huitafuna ili wakeshe na kisha hushangaa kwamba wamekesha.

Wengi hukimbilia diazepamu, au vidonge vya mafua vinavyolevya, kwa ushauri wa jirani. Diazepamu huzoeleka haraka, na mzee anayeamka nayo gizani huanguka. Mifupa yake, ambayo steroidi za muda mrefu hudhoofisha, haitamsamehe. Ikiwa dawa ya usingizi inahitajika, itoke kwa anayejua dawa nyingine unazotumia. Ajue pia kama unatumia ARV, kwa kuwa zile zenye ritonaviri huziongezea baadhi ya steroidi nguvu mwilini, au rifampisini ya kifua kikuu, inayofanya kinyume chake.

Kuna usiku, hata hivyo, ambao saa zote zimefuatwa na usingizi bado umegoma. Kujilazimisha kitandani hakusaidii. Kitanda kinakuwa mahali pa mashindano. Inuka, kaa pengine penye mwanga hafifu, fanya jambo lisilo na faida yoyote, kama kupekua misumari kwenye kopo, kisha rudi usingizi ukikaribia. Simu iache mbali, si kwa sababu ya mwanga wake tu. Steroidi hufanya kila wazo la usiku lionekane kuwa la kipekee. Usitume pesa, usijibu ujumbe wa mjomba kuhusu shamba, usiandike kwenye kundi la ukoo. Wazo zuri litasubiri saa tatu asubuhi.

Utani uishie hapo. Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa 1972 ulikuta matatizo makubwa ya akili kwa asilimia 1.3 ya wagonjwa waliopata miligramu 40 za prednisoni, ndugu ya prednisoloni, au pungufu kwa siku, na asilimia 18.4 kwa waliozidi miligramu 80. Mtu asiyelala siku kadhaa na wala hachoki, anayesema bila kituo, anayegawa mali, anayesikia sauti au kusema heri kufa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo pamoja na vidonge vyake. Yeye hatajipeleka, kwa sababu huenda anajiona mzima kuliko wakati wowote maishani. Ni kazi ya walio nyumbani.

Na wewe unayepewa dawa hizi leo, usiondoke dirishani na idadi tu. Mwombe mfamasia aandike na saa. Kalamu anayo tayari mkononi.