Matembezi ya Porini kutoka Dzaleka: Hesabu Huanzia Saa ya Kurudi

Matembezi ya porini, yaani safari fupi ya miguu katika eneo la miti na wanyama linalolindwa kisheria, hudhaniwa kuwa jambo la viatu na chupa ya maji tu. Kwa mkazi wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, zaidi ya kilomita 40 kaskazini ya Lilongwe, mahali palipokuwa gereza la kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda, jambo hilo huanzia kwenye karatasi. Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Kimataifa wa Wakimbizi wa 1951, ilikataa kufungwa na baadhi ya vifungu vyake, kikiwemo kile cha uhuru wa kutembea nchini. Ndiyo maana wakazi wa Dzaleka, ambao leo ni zaidi ya 50,000 katika kambi iliyokusudiwa watu wasiozidi 12,000, na ambao wengi wao huelewana kwa Kiswahili wawe wametoka Kongo, Burundi au Rwanda, hutakiwa kuwa na kibali wanapotoka. Kibali hicho kina tarehe na muda wake, na mpangaji mwenye busara hukipata kwanza, kisha ndipo achague msitu, kwa sababu muda ulioandikwa humo ndio utakaoamua umbali anaoweza kwenda.

Pori lililo karibu kuliko yote limo ndani ya Lilongwe kwenyewe, kando ya mto Lingadzi, ambako kipande cha msitu wa asili kimebaki katikati ya mji mkuu pamoja na kituo cha kutunzia wanyama waliookolewa. Mgeni hutembezwa na mwongozaji, anarudi kabla jua halijawa kali, na gharama kubwa huwa nauli ya minibasi. Wapo wanaopadharau kwa kuwa sauti za magari husikika humo. Dharau hiyo haina msingi, maana fisi madoa wanaishi jijini humo na kutoka usiku kutafuta mabaki ya vyakula, jambo ambalo wakazi wengi wa miji mikuu ya Afrika hawawezi kulisema juu ya miji yao.

Mbali zaidi, kusini-magharibi ya jiji, upo msitu wa akiba wa Dzalanyama, unaopakana na Msumbiji na ambamo mto Lilongwe huanzia. Msitu wa akiba si hifadhi ya taifa: huo hutunzwa kwa ajili ya miti na maji, ilhali hifadhi ya taifa hulinda wanyama na viumbe wote waliomo. Dzalanyama ni nchi ya miombo, miti inayoota majani mapya mekundu mwishoni mwa kiangazi kabla hata mvua haijanyesha, na wapenda ndege huenda huko kwa hamu. Hata hivyo ukataji wa miti kwa ajili ya mkaa umeuumiza sana, hadi serikali ikapeleka wanajeshi kuulinda, kwa hiyo anayeingia bila kujitambulisha kwa maofisa wa misitu anaweza kudhaniwa mchoma mkaa.

Hesabu ya muda ndiyo kiini cha mpango wote. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni ambayo bado hutumika: saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 8 yenye mpando wa mita 300 itahitaji, kwa kanuni hiyo, saa mbili na dakika chache. Kwa kuwa Naismith hakuwahesabia watoto, jua la Oktoba, wala kusimama kutazama ndege, ni salama kuzidisha jibu lake mara mbili. Mwezi Juni jua la Lilongwe huzama kabla ya saa 11:30 jioni na giza huingia upesi, kwa hiyo mpangaji huanza na saa ambayo ni lazima awe amefika Dzaleka, anaondoa muda wa barabarani, anaondoa ule wa kungojea minibasi ijae, na kinachobaki ndicho cha kutembea. Miezi ya Mei hadi Agosti ndiyo bora, kwani njia ni kavu na nyasi zimeshuka, ingawa asubuhi huwa na baridi ya kutaka sweta.

Hifadhi ya Taifa ya Kasungu, iliyo mpakani na Zambia, ina sheria nyingine kabisa. Mwezi Julai 2022 tembo 263 walihamishiwa huko kutoka Hifadhi ya Liwonde, na tangu hapo watu kadhaa wa vijiji vya jirani, upande wa Malawi na wa Zambia, wameuawa na tembo. Ndani ya hifadhi kama hiyo hakuna kutembea bila askari wa wanyamapori mwenye silaha, ambaye hutangulia huku wengine wakifuata kwa mstari mmoja, kimya. Kila baada ya mwendo husimama, huchota vumbi na kuliachia lipeperuke, ili ajue upepo unaelekea wapi, kwa kuwa tembo haoni vizuri lakini hunusa mtu akiwa mbali. Nguo nazo zina hesabu yake: mbung'o, inzi wanaoeneza malale, huvutwa na rangi ya buluu iliyokolea na nyeusi, hivyo suruali ndefu ya kaki inafaa kuliko jinzi. Atakayepata homa baada ya safari aseme zahanati kwamba alipita kwenye mbung'o, ili asitibiwe malaria peke yake.

Kasungu haiwezi kuingizwa katika kibali cha siku moja kwa mtu asiye na gari. Kundi linaloanza, hasa lenye watoto, lianze na msitu wa Lingadzi, likiwa na nusu lita ya maji kwa kila mtu kwa kila saa, mtu mmoja anayejua Chichewa, na vibali vya wote mkononi.