Ubatizo wa mfalme mtoto: maisha ya Duleep Singh kati ya wakubwa wa Uingereza

Tarehe 29 mwezi wa tatu 1849, katika mji wa Lahore, mtoto wa miaka 10 alitia sahihi karatasi iliyomwondolea ufalme wake. Jina lake Duleep Singh. Alikuwa mfalme wa mwisho wa Punjab, nchi ya Wasikh, wale watu wa vilemba ambao Afrika Mashariki wanawaita Makalasinga. Miaka minne baadaye mtoto huyo alibatizwa, na akiwa kijana alihamia Uingereza, akala meza moja na Malkia Victoria. Sisi ambao Injili ilitufikia wakati mmoja na utawala wa wageni tunayo sababu ya kusimama kidogo mbele ya maisha yake.

Baba yake, Ranjit Singh, alifariki mwaka 1839 kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Jamaa wakauana kwa ajili ya kiti, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwaka 1843 Duleep akawekwa kuwa mfalme akiwa na miaka 5 tu, mama yake Jind Kaur akitawala kwa niaba yake. Kisha vikaja vita viwili na kampuni ya Waingereza, kampuni ya biashara iliyokuwa na jeshi lake. Mwaka 1847 walimtenga mama na mwanawe, kwa sababu walimwona mwanamke huyo kuwa mkaidi na mwenye kuwachochea watu. Mtoto hakumwona tena mama yake kwa zaidi ya miaka 13.

Karatasi ya Lahore ilisema mambo machache mazito. Nchi ni ya Waingereza. Almasi kubwa iitwayo Koh-i-Noor, yaani Mlima wa Nuru (hata sisi neno hilo la nuru tunalo), ipelekwe kwa Malkia. Mfalme atapewa fedha kila mwaka, mradi abaki mtiifu kwa serikali na akae pale atakapochaguliwa.

Alikabidhiwa kwa daktari mmoja Mskoti, John Login, akahamishiwa Fatehgarh, mbali na watu wake. Login na mkewe walikuwa Wakristo wenye bidii, na kwa ushuhuda wote walimpenda kijana huyo. Mtumishi wake Bhajan Lal, aliyesoma shule ya misheni, alimsomea Biblia. Duleep akaomba kuwa Mkristo, akakata nywele zake ndefu, ambazo kwa Msikh ni alama ya imani. Serikali ilichunguza kwanza kama anafanya kwa hiari yake, ikamchelewesha. Alibatizwa tarehe 8 mwezi wa tatu 1853, akiwa na miaka 14.

Mimi siamini kwamba kijana alidanganya, wala kwamba Login alikuwa mnafiki. Lakini gavana mkuu Dalhousie, yule aliyeichukua Punjab, aliandika kwa siri kwamba kisiasa jambo hilo ni zuri sana, kwa kuwa Wasikh hawatamfuata tena. Hapo ndipo penye kidonda. Maji yale yale yaliyokuwa neema kwa mtoto yalikuwa faida kwa mtawala, na mtoto hakuambiwa.

Mwaka 1854 alifika London. Malkia alimpenda mno, akamwalika jumba la Buckingham ili mchoraji Winterhalter amchore akiwa na mavazi yake ya kifalme. Mke wa Login alisimulia kwamba siku moja Malkia aliagiza ile almasi iletwe. Ilikuwa imekatwa upya, imepungua sana. Kijana aliichukua, akaenda nayo dirishani, akaitazama muda mrefu bila kusema. Kisha akarudi, akainama, akamkabidhi Malkia kwa mkono wake mwenyewe. Wengine waliona heshima. Angeweza kufanya nini kingine?

Aliishi Scotland, baadaye akanunua shamba kubwa la Elveden mashariki ya Uingereza, akalijenga ndani kwa mtindo wa kwao. Wana wa wafalme walikuja kuwinda ndege kwake, naye alihesabiwa kati ya walengaji bora wa nchi.

Mwaka 1861 aliruhusiwa kufika Calcutta, si zaidi, kumchukua mama yake. Jind Kaur alikuwa ametoroka gerezani zamani akijifanya mtumishi, akakimbilia Nepal. Sasa alikuwa karibu kipofu. Akaenda kuishi na mwanawe Uingereza, akamkumbusha yeye ni nani. Alifariki mwaka 1863. Mwana aliupeleka mwili wake India uchomwe kwa desturi ya Wasikh, lakini Punjab hakuruhusiwa kukanyaga hata kwa mazishi.

Safari hiyo ilimpitisha Misri. Katika shule ya misheni ya Wapresbiteri wa Marekani huko Cairo alikuwako mwalimu kijana, Bamba Müller, binti wa mfanyabiashara Mjerumani na mama Mhabeshi. Duleep aliwaomba wamisionere wamtafutie mke Mkristo asiyependa anasa, wakamtaja huyo. Waliooana mwaka 1864 Alexandria hawakuwa na lugha moja. Yeye Kiingereza, mke Kiarabu. Duleep aliendelea kuisaidia misheni ile kwa fedha. Kwa hiyo imani yake haikuwa ya mapambo ya ikulu tu.

Lakini madeni yalimpata, na uchungu ukaongezeka. Alidai mali ya ukoo wake, akaandika hata katika gazeti la The Times mwaka 1882, akadhihakiwa. Mwaka 1886 alipanda meli na familia yake kurudi India. Huko Aden alizuiwa. Mke na watoto walirudi Uingereza. Yeye akabaki, akaingia tena dini ya Wasikh pale pale, chini ya macho ya askari. Baadaye alikwenda Urusi kutafuta msaada wa mfalme wa Warusi dhidi ya Uingereza, hakupata. Bamba alifariki mwaka 1887 mume hayupo. Hilo siwezi kulipamba: mtu aliyeonewa naye aliwaacha watu wake.

Alimwomba Malkia msamaha, akasamehewa. Mwaka 1891 walionana Ufaransa, mzee yule akalia mbele yake.

Binti zake hawakunyamaza. Sophia alipigania haki ya wanawake kupiga kura, akakataa kulipa kodi mpaka vito vyake vikakamatwa. Catherine, aliyeishi Ujerumani, aliwasaidia Wayahudi kuwatoroka Wanazi.

Duleep Singh alifariki Paris tarehe 22 mwezi wa kumi 1893, akiwa na miaka 55. Mwili uliletwa Elveden, akazikwa kwa ibada ya Kikristo, ingawa miaka saba kabla alikuwa amerudi kwenye dini ya baba zake. Amelala uani mwa kanisa, karibu na Bamba na mtoto wao Edward, aliyekufa mwaka huo huo akiwa na miaka 13. Wasikh husafiri kutoka mbali kuja kusimama penye kaburi lile.