Nuhu Hadai Mrabaha

Kisa cha Nuhu hakina mwenye hakimiliki. Cha Yona hakina, wala cha Daudi na Goliathi. Mchapishaji yeyote, awe Nairobi au Oxford, anaweza kukichukua leo, akakisimulia upya kwa sentensi ishirini zake mwenyewe, na asidaiwe na mtu. Kwa mfanyabiashara hiyo ni neema yenye kasoro: malighafi ni ya bure, ila ni ya bure kwa mshindani pia. Ndiyo maana katika biashara ya Biblia za picha kwa watoto wadogo pesa haikai kwenye hadithi. Inakaa kwenye jina la kitabu na kwenye michoro, na zaidi ya yote kwenye mtambo wa kuchapa.

Tuanze na jina. Mwaka 1989 kampuni ya Questar ya jimbo la Oregon, Marekani, ilitoa The Beginner's Bible, maandishi ya Karyn Henley na michoro ya Dennas Davis. Kitabu kikashika soko. Baadaye kikaangukia mikononi mwa Zondervan, nyumba ya uchapishaji iliyoanzishwa Michigan mwaka 1931, na mwaka 2005 kikatoka upya kikiwa na maandishi mengine na mchoraji mwingine, bila jina la Henley. Jina la kitabu peke yake ndilo lililobaki. Mzazi aliyekua na toleo la kwanza, akimnunulia mwanawe la sasa, anadhani anamrithisha kitabu chake. Kilichorithiwa ni alama ya biashara, ambayo wenyewe wanasema imeuza zaidi ya nakala milioni 25.

Zondervan nayo ina tajiri wake. Harper & Row, ambayo baadaye ikawa HarperCollins, iliinunua mwaka 1988, na mwaka 2012 HarperCollins ikaongeza Thomas Nelson, jitu jingine la vitabu vya Kikristo. HarperCollins ni mali ya News Corp ya familia ya Murdoch. Kwa hiyo faida ya Biblia ya chekechea na faida ya The Sun, gazeti la udaku la London, huishia mfuko mmoja. Sisemi ni dhambi. Nasema anayedhani biashara hii inaendeshwa na masista na wachungaji wastaafu ajue anashindana na nani. Toleo jingine la Zondervan lililovuma sana, The Jesus Storybook Bible la mwaka 2007, limeandikwa na Sally Lloyd-Jones, Mwingereza aliyezaliwa Kampala.

Thamani ya michoro inaeleweka vizuri ukisimama karibu na mtambo. Ukurasa wa rangi hupigwa kwa wino wa aina nne: sayani, ambayo ni bluu ya maji, kisha majenta, njano na nyeusi. Kila wino una pleti yake ya alumini, na karatasi hupitishwa kwenye zote nne, moja baada ya nyingine. Mchapishaji anayetaka kuuza kitabu nchi nyingi huhakikisha kwamba maandishi yote yako kwenye pleti nyeusi tu. Wakimaliza kupiga nakala za Kiingereza, mafundi hawazigusi zile pleti tatu za rangi. Wanaitoa nyeusi, wanaweka ya Kidenmaki, mtambo unaendelea. Kisha ya Kikorea. Kisha ya Kiswahili, kama kuna aliyeagiza.

Uchapaji huu wa pamoja ndio uliovipa vitabu hivi sura yake, hata kama msomaji hajui. Herufi nyeupe juu ya usiku wa bluu ni marufuku, kwa kuwa kubadilisha lugha kungelazimisha kubadilisha pleti zote. Mchoraji haandiki neno kwenye ubavu wa meli ya Yona. Anga huachwa tupu upande mmoja kwa ajili ya mistari minne au mitano, na mtafsiri akiizidisha, mhariri anamrudishia kazi. Kiarabu ndicho kinacholeta shughuli: kitabu hufunguliwa kutoka upande wa pili, picha nazo zikigeuzwa kufuata kurasa, Daudi anajikuta akizungusha kombeo kwa mkono wa kushoto.

Chukua hesabu ya mfano. Tufanye kwamba gharama zote za kabla ya nakala ya kwanza, yaani mchoraji, mhariri, msanifu na maandalizi ya rangi, ni dola 20,000. Ukichapa nakala 2,000 za Kiswahili peke yake, kila nakala imeshabeba dola 10 kabla hujanunua karatasi. Zikichapwa nakala 80,000 za lugha kadhaa kwa pamoja, mzigo huo unakuwa senti 25. Hapo ndipo mchapishaji wa Dar es Salaam mwenye uchungu na wachoraji wa nyumbani anapoishiwa maneno.

Biashara ya pleti hufungwa mezani, kwenye maonyesho ya vitabu ya Bologna, ambayo yamekuwepo tangu 1964, na yale ya Frankfurt kila Oktoba. Mwenye kitabu anakuja na sampuli ya kurasa chache, anakusanya oda, na oda zikitosha ndipo mtambo unawashwa. Waingereza wa Lion Publishing, kampuni iliyoanzishwa na David na Pat Alexander mwaka 1971, walijijenga kwa njia hii, wakaungana na kampuni ya Angus Hudson mwaka 2003. Uchapaji wa pamoja haukuwakinga. Mwaka 2017 kampuni iliwekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi, ikauzwa, na mwaka 2021 ikahamia SPCK, jumuiya ya mwaka 1698 ambayo wapenzi wa historia ya Kiswahili wanaijua kwa vitabu vya Askofu Steere wa Zanzibar.

Si kila kitabu kinachosafiri vizuri kwa njia hiyo. Arch Books, mfululizo wa wachapishaji Concordia wa St. Louis, Marekani, ulioanza mwaka 1964, umesimuliwa kwa mashairi yenye vina. Kwa Kiingereza umeuzwa sana vizazi na vizazi. Kuuhamishia lugha nyingine ni kazi ya kuandika upya kila ubeti, na hakuna mchapishaji anayependa kumlipa mshairi bei ya mshairi. Upande wa pili yuko Kees de Kort, mchoraji wa Uholanzi aliyefariki mwaka 2022. Chama cha Biblia cha Uholanzi kilianza kutoa vitabu vyake miaka ya 1960, vikikusudiwa kwanza watoto wenye ulemavu wa akili: rangi bapa, macho makubwa, sentensi chache mno. Vimeingia lugha zaidi ya 60. Kwa jicho langu ndivyo bora kuliko vyote vilivyotajwa hapa, na ubora huo umetokana na masharti yale yale ambayo kwa wengine huzaa vitabu vya hovyo. De Kort hakuhitaji maandishi marefu kwa sababu uso wa mtu wake unaeleza.

Mnunuzi naye ana mkono wake katika kisa. Kitabu cha aina hii hununuliwa mara nyingi kama zawadi, ya ubatizo au ya Krismasi, na mnunuzi wa zawadi hataki kumtisha mtoto. Kwa hiyo Goliathi anaanguka kifudifudi na ukurasa unafungwa. Kile anachofanya Daudi na upanga katika 1 Samweli 17:51 hakichorwi. Gharika inakuwa maonyesho ya wanyama, twiga wawili wakichungulia dirishani, na waliobaki nje hawaonekani. Mchoraji Peter Spier, aliyepata Medali ya Caldecott, tuzo ya Marekani ya vitabu vya picha, mwaka 1978 kwa kitabu chake cha Nuhu kisicho na maneno karibu kabisa, ni mmoja wa wachache waliothubutu kuwaonyesha wanyama walioachwa maji yakipanda. Kitabu chake kilitolewa na Doubleday, nyumba ya vitabu vya kawaida. Nuhu ana bahati hiyo: hununuliwa hata na wasiokanyaga kanisani.

Kwetu Afrika Mashariki mpinzani wa kwanza wa mwenye duka ni kitabu cha bure. Aid to the Church in Need, shirika la Kikatoliki lenye makao Ujerumani, lilianzisha Biblia yake ndogo ya mtoto mwaka 1979 na kuigawa zaidi ya nakala milioni 50 duniani, katika lugha zaidi ya 170. Mashahidi wa Yehova wana Kitabu Changu cha Hadithi za Biblia, hadithi 116 zilizotoka kwa Kiingereza mwaka 1978, na toleo la Kiswahili limefika mpaka kwenye nyumba zisizokubaliana nao hata kwa neno moja. Ukitoka kwenye ushindani huo unakutana na kodi. Kenya ilivitoza vitabu VAT ya asilimia 16 kuanzia Septemba 2013, na kitabu cha mtoto wa miaka minne hakikusamehewa.

Hata hivyo nadhani tunalisoma soko letu kwa miwani ya Marekani. Huko mnunuzi ni bibi anayemsomea mjukuu kitandani. Hapa mnunuzi wa uhakika ni mwalimu wa shule ya Jumapili mwenye watoto hamsini na nakala moja, ambayo hakuna aliyekaa safu ya nyuma anayeiona. Huyo anahitaji picha kubwa ya kutundika, yenye maelezo nyuma yake. Kaskazini mwa Kamerun, miaka ya 1970, Wamafa katika jumuiya zao waliigiza matukio ya Injili wao wenyewe, wakapigwa picha, na mchoraji akazigeuza picha hizo kuwa michoro. Michoro hiyo ya Jesus Mafa, Yesu akiwa Mwafrika kijijini, imeuzwa kama mabango ya kufundishia mpaka nje ya bara. Mabango hayahitaji jalada gumu wala kadibodi nene ya vitabu vya watoto wachanga, kazi inayopelekwa China kwa sababu inahitaji mikono mingi. Yanaweza kupigwa Nairobi au Dar es Salaam. Na mwenye michoro ndiye anayeweka masharti Bologna.

Majirani zetu Waislamu wana funzo la kibiashara hapa. Goodword Books ya New Delhi huuza duniani kote hadithi za Kurani kwa watoto, Nuhu na Yusufu na Musa wakiwamo, bila kuchora sura ya nabii hata mmoja. Wanachora safina, ngamia, mawimbi, nyota. Sharti la dini limewapa mtindo unaotambulika kutoka mbali.

China inabaki na sehemu kubwa ya kazi ya rangi. Mwaka 2019 serikali ya Trump ilipopanga ushuru mpya kwa bidhaa za huko, mkuu wa HarperCollins Christian Publishing alikwenda Washington kulalamika, na Agosti Biblia zikaondolewa kwenye orodha. Sisi hatuna wa kumlalamikia, tuna kalenda tu. Oda iliyokubaliwa Bologna wakati wa masika ya Ulaya, ikisubiri lugha nyingine zikamilike, ichapwe, ikauke, ifungwe, ipakiwe melini, ikienda vizuri inafika madukani kabla ya Krismasi. Ya Frankfurt inaikimbilia Pasaka. Kontena likikwama bandarini Desemba, mwenye duka anapokea maboksi ya hori na mamajusi Januari, wakati mzazi anauliza bei ya madaftari na sare.