Taka za mwili na gharama ya maji

Samaki, kuku na binadamu wakila protini, miili yao hukabiliwa na tatizo lilelile. Protini ina naitrojeni, na mwili hauna pa kuihifadhi inapozidi. Protini hiyo ikivunjwa hutoa amonia, sumu kali inayovuruga ubongo hata ikikusanyika kidogo tu katika damu. Lazima itoke. Samaki wengi huitoa kama ilivyo, binadamu huigeuza kuwa urea, na kuku huigeuza kuwa asidi ya yuriki, ile sehemu nyeupe tunayoiona kwenye kinyesi chake. Tofauti hizi hazikuja kibahati. Zote zinajibu swali moja: mnyama huyu ana maji kiasi gani ya kutumia?

Hesabu yake ni hii. Ili kutoa gramu moja ya naitrojeni kama amonia, mnyama anahitaji takriban nusu lita ya maji, sumu ipungue makali. Ikiwa urea, mililita 50 hivi zinatosha. Ikiwa asidi ya yuriki, ambayo haiyeyuki kwa urahisi, mililita 10 au hata chini ya hapo. Lakini kuokoa maji nako kuna gharama. Kutengeneza urea kunakula nishati, na asidi ya yuriki inakula zaidi. Ndiyo maana hakuna njia iliyo bora kwa wanyama wote. Aliyezungukwa na maji hana sababu ya kupoteza nishati, na aliye katika ukame hana budi kuitumia.

Hata kuzungukwa na maji si usalama kamili. Ukinyunyizia chumvi vipande vya embe mbichi, baada ya muda vitachuruzika, kwa sababu maji hupenya utando mwembamba yakielekea kwenye chumvi nyingi. Matamvua ya samaki yana utando wa namna hiyo. Damu ya sato wa Ziwa Victoria ina chumvi nyingi kuliko ziwa, hivyo maji humwingia mchana na usiku. Figo zake huyatoa kwa mkojo mwingi na mwepesi, huku matamvua yakinasa chumvi kutoka majini ili kufidia inayopotea. Changu wa Bahari ya Hindi ana shida iliyo kinyume. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, karibu mara tatu ya iliyomo kwenye damu yake, kwa hiyo maji humtoka. Yeye hunywa bahari, husukuma chumvi nje kupitia matamvua, na hukojoa kidogo sana. Wote wawili huachia sehemu kubwa ya amonia kupitia matamvua, nayo huchukuliwa na maji.

Papa anaishi katika bahari hiyohiyo ya changu, lakini amefuata njia yake. Badala ya kuitoa urea yote, huibakiza kwa wingi katika damu na nyama, na pamoja nayo kemikali nyingine inayozilinda protini zake zisiharibiwe. Kwa njia hiyo damu yake hukolea kiasi cha kulingana na bahari au kuizidi kidogo, na maji hayamtoki. Wapishi wa pwani wanaijua urea hiyo kwa pua: papa akichelewa kukaushwa, bakteria huivunja, na harufu kali inayotoka ni ya amonia.

Mfano unaoonyesha vizuri zaidi jinsi mazingira yanavyotawala jambo hili uko kusini mwa Kenya, katika Ziwa Magadi. Maji ya ziwa hilo yamejaa magadi, yaleyale yanayolainisha maharage jikoni, na chemchemi zake ni za moto. Hata hivyo humo anaishi samaki mdogo wa jamaa ya perege. Katika maji ya kawaida, amonia ikitoka kwenye matamvua hukutana na tindikali kidogo, hubadilika, na hairudi tena kwa urahisi. Katika maji ya magadi, tindikali hiyo haipo, na amonia hukwama mwilini. Mwaka 1989 watafiti wakiongozwa na David Randall, akiwemo Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walieleza katika jarida la Nature kwamba samaki huyu hutoa taka yake ya naitrojeni kama urea. Ana maji tele pande zote, lakini hayawezi kumpokelea amonia, kwa hiyo analipa nishati kama mnyama wa nchi kavu.

Kamongo anaweza kutumia njia zote mbili. Akiwa majini hutoa amonia zaidi. Kinamasi kikikauka, hujichimbia kwenye tope, hujifunika kwa ute unaokauka mwilini, hupumua kwa mapafu, na kwa miezi mingi hali wala hakojoi. Amonia ingemuua humo, kwa hiyo huigeuza kuwa urea na kuilimbikiza mpaka mvua irudi. Mmarekani Homer Smith, mtafiti mashuhuri wa figo, alimchunguza samaki huyu, na mwaka 1932 akachapisha kitabu alichokiita Kamongo.

Juu ya nchi kavu, asidi ya yuriki inaeleweka vyema ukiliangalia yai. Kifaranga hana pa kukojoa. Urea ingeyeyuka na kumzunguka kwenye maji hayohayo anayoishi, lakini asidi ya yuriki hugeuka chembe ngumu na kukaa kando bila madhara. Chumvi inayozidi nayo ina njia zake: heroe huitoa kwa tezi zilizo karibu na pua, na kasa kwa machozi mazito.

Mamalia tumebaki na urea, na tegemeo letu ni figo. Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 kwa siku na kurudisha karibu zote kwenye damu. Lita moja na nusu hivi ndiyo hutoka. Digidigi ametuzidi mbali kwa ustadi huo. Maloiy huyohuyo alionyesha jinsi mkojo wake unavyokolea na kinyesi chake kinavyokauka, kiasi kwamba anaweza kuishi kwa maji ya majani anayokula. Mkojo wetu hukolea hadi mara nne tu ya damu. Kwa hiyo hata asiyekunywa tone lazima apoteze karibu nusu lita kwa siku ili taka zitoke, na anayekunywa maji ya bahari hupoteza maji mengi kuliko aliyoyapata.

Uwezo huo mdogo ni mdogo zaidi kwa mtoto mchanga, ambaye figo zake hazijakomaa na haziwezi kukoleza mkojo kama za mtu mzima. Ndiyo sababu kuhara kunamkausha upesi kuliko sisi. Tena, anapohara hapotezi maji peke yake, bali na chumvi, na maji matupu hayawezi kuirudisha. Dawa ya ORS ina chumvi na sukari kwa sababu sukari huusaidia utumbo kufyonza chumvi, na chumvi ikiingia maji huifuata. Mzazi anayeelewa hivyo hataiona pakiti hiyo kuwa kitu cha kumtuliza mtoto tu wakati dawa yenyewe inasubiriwa. Ataikoroga kwa kipimo cha maji kilichoandikwa, na ataanza kumpa mapema, mtoto anapoanza kuhara.