Uzi Wenye Nguvu na Mikufu Inayorudishwa

Katika kukagua hesabu za vyama vinavyouza mapambo ya shanga, nimekuta mara kwa mara mikufu iliyorudishwa na mnunuzi kwa kuwa imekatika. Mwanachama aliyeitunga hukosa malipo yake ya pili, na lawama yote hutupiwa uzi. Mara nyingi uzi hauna hatia.

Zamani shanga zilitungwa kwa kano za wanyama na nyuzi za mimea. Siku hizi wanawake wa Kimaasai, Kenya na Tanzania, hutumia mshipi wa nailoni, au nyuzi zilizochambuliwa katika magunia ya plastiki. Nailoni, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1935, huvutika. Mkufu uliokuwa umebanana vizuri hulegea baadaye, na uzi ukaonekana kati ya shanga. Yafaa basi uzi uning'inizwe na kitu kizito usiku kucha kabla ya kutunga. Aidha, jua kali huudhoofisha, usiwekwe dirishani.

Zipo pia nyuzi za polyethilini zilizosukwa kwa ajili ya wavuvi. Hizi hazivutiki sana, nazo zina nguvu kuipita nailoni ya unene uleule. Mkasi butu hauzikati. Lakini zinateleza mno, na fundo la kawaida hufumuka lenyewe. Hapana budi ncha izungushwe mara mbili, si mara moja, kabla ya kukaza. Kisha fundo la pili lifuate. Wenye mazoea ya kuchoma ncha kwa kiberiti wawe waangalifu: uzi huu huyeyuka kwenye joto la nyuzi 145 hivi za Sentigredi, chini sana ya nailoni, na moto huweza kula fundo zima.

Nguvu iliyoandikwa kwenye kibonge ni ya uzi mtupu. Mkufu hukatikia penye fundo, au penye ukingo wa tundu la ushanga. Ushanga wa kioo uliomeguka ni kisu, na wa bati vilevile. Wanachama wazikague shanga kwa kidole na sindano, na zenye makali zitupwe, hata kama zimelipiwa.

Kwa upande wa Makatibu: wauzaji huita kila uzi "nailoni". Choma kipande; pamba huacha majivu laini, plastiki huacha kidonge kigumu. Andika katika daftari la stoo aina, unene na tarehe ya ununuzi. Mkufu ukirudi, tazama kwanza umekatikia wapi, ndipo uguse malipo ya mwanachama.