Jani la muhogo mbele ya simu, tone la damu mbele ya darubini

Batobato ya mihogo kila mama wa Likasi anaijua, hata kama haiiti kwa jina hilo. Jani linajikunja, linapata mabaka ya njano, linakuwa dogo, na ukilichuma kwa sombe unaona haya kulipeleka sokoni. Ugonjwa wa pili ndio wenye hila. Unaitwa michirizi ya kahawia. Mara nyingi jani linabaki kubwa, mti unasimama vizuri, jirani anausifu, na kumbe chini ya udongo muhogo unaoza pole pole. Ukiupasua unakuta madoa ya kahawia, makavu na magumu, yasiyofaa hata kusagwa kwa unga wa bukari. Mama anagundua siku ya kuvuna, baada ya karibu mwaka mzima wa kulima na kupalilia, na pesa ya mavuno hayo ilikwisha kupangiwa kazi zamani. Sisi walimu tunaona mwisho wa hesabu hiyo darasani, mtoto wa sekondari anaporudishwa nyumbani juu ya minerval.

Juma hili tunataka kuongea na wamama juu ya akili bandia, jambo ambalo vijana wetu wanalitaja kila siku na simu mkononi. Watanzania wanaiita pia akili mnemba. Wengi wanafikiri ni mambo ya kutengeneza picha za kuchekesha na kumwandikia mwanafunzi mvivu kazi yake ya nyumbani. (Hilo la pili tutaliandikia siku nyingine, na kwa ukali.) Lakini kuna watu walioipeleka shambani na hospitalini, tena si Ulaya tu. Waliifanya Tanzania na Uganda, kwa vitu tunavyovijua sisi: jani la muhogo na tone la damu ya mtoto mwenye homa.

Tuanze na muhogo. Michirizi ya kahawia iliandikwa na wataalamu kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1930, Tanganyika ya zamani. Kwa miaka mingi ilikaa hasa kule pwani na kando ya ziwa Nyasa. Kuanzia 2004 ilionekana ikienea Uganda, kisha ikaingia mashariki ya nchi yetu, na majirani zetu Wazambia nao wameithibitisha kwao. Inabebwa na inzi weupe wadogo sana wanaokaa chini ya majani. Inabebwa pia na sisi wenyewe. Mama anapotoka kumsalimia dada yake na kurudi na fungu la vijiti vya mihogo vya kupanda, anaweza kurudi na ugonjwa bila kujua. Kwa hiyo swali la kujua mti mgonjwa kabla ya kukata vijiti ni swali la chakula cha mwaka unaofuata, katika nyumba mbili au tatu kwa wakati mmoja.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani, pamoja na taasisi ya kilimo cha nchi za joto, IITA, walitangaza kazi waliyoifanya karibu na Bagamoyo. Ndiyo, Bagamoyo ile ile ambako misafara ya zamani ilikuwa inafikia kutoka huku kwetu bara. Walipiga picha za majani ya mihogo katika mashamba ya majaribio. Wataalamu wakaandika kwa kila picha: hii batobato, hii michirizi, hili limeharibiwa na utitiri, hili lina madoa ya kahawia, hili ni zima. Kisha wakaipa kompyuta picha hizo zote ijifunze.

Inajifunza namna gani? Hapa ruhusa tuingie katika kazi yetu. Kompyuta haioni jani. Picha kwake ni vijisehemu vidogo sana, na kila kijisehemu ni namba inayosema rangi yake. Ndani ya kompyuta kuna hesabu nyingi zilizopangwa kwa ngazi, ngazi moja inapeleka jibu lake kwa nyingine. Wataalamu wanauita mtandao wa nyuroni bandia, kwa kuiga chembe za ubongo. Mara ya kwanza inajibu ovyo kama mtoto wa mwaka wa kwanza anayekisia. Ikikosa, hesabu zinasogezwa kidogo upande wa jibu la kweli. Inaonyeshwa tena. Inakosa kidogo zaidi. Baada ya kurudia mara maelfu, inaanza kupata. Hakuna aliyeiambia «tazama njano kando ya mishipa ya jani». Iliokota yenyewe dalili kutoka kwa mifano iliyoonyeshwa, mizuri na mibaya.

Kisha ikafanyiwa mtihani kwa picha ambazo haikuwa imeziona. Ikapata asilimia 93.

Mwalimu yeyote akisikia alama kama hiyo anauliza: mtihani ulitoka wapi? Kama maswali yanafanana na mazoezi, mtoto anaweza kupata 93 bila kuelewa. Tunao wanafunzi wanaotambua ng'ombe wa kitabuni, na ukiwaonyesha ng'ombe wa kweli mwenye rangi nyingine na pembe moja iliyovunjika, wananyamaza. Watafiti wale wale waliuliza swali hilo wenyewe, na kwa hilo tunawaheshimu kuliko kwa ile 93. Waliweka hesabu yao ndani ya simu, wakaenda shambani Tanzania, wakaijaribu kwa vijani 720 vyenye ugonjwa, kwa picha na kwa video, vyenye dalili za wazi na vyenye dalili ndogo. Mwaka 2019 wakatangaza matokeo. Hata kwa majani yenye dalili za wazi, alama ilishuka kwa asilimia 32. Jua la shambani, kivuli, jani lililogeuka, mkono unaotetemeka: hayo hayakuwa katika mazoezi.

Lakini namna ilivyokosa ndiyo tunataka wamama waishike. Alama ilishuka hasa kwa sababu simu iliyapita majani mengi yenye ugonjwa na kunyamaza, kuliko kwa sababu ya kusema «mgonjwa» juu ya jani zima. Yaani ikisema imeona kitu, kuna sababu ya kusikiliza. Isiposema kitu, hiyo haijawa habari njema bado.

Programu iliyotoka katika kazi hiyo inaitwa Nuru, na iko ndani ya programu ya simu ya PlantVillage. FAO nayo ilishiriki kuitengeneza. Inasema Kiswahili. Inahitaji intaneti siku ya kuiingiza katika simu, na baada ya hapo inafanya kazi shambani bila mtandao, jambo ambalo kwetu si dogo, maana ukitoka mjini kidogo tu upande wa mashamba unatembea umeinua simu juu kama unatafuta nyota. Unaelekeza kamera kwenye jani, inakuambia inachofikiri.

Uchunguzi mwingine, uliotangazwa 2020, uliiweka Nuru pamoja na watu wa Afrika Mashariki. Kwa kutambua dalili kwenye majani, Nuru ilipata asilimia 65. Mabwana na mabibi shamba walipata kati ya 40 na 58. Wakulima wenyewe kati ya 18 na 31. Tusichukue hesabu hiyo kama tusi. Mama anajua shamba lake lina shida. Kuutaja ugonjwa kwa jina kwa kutazama jani ni kazi ya namna nyingine, na hakuna aliyemfundisha. Jambo lililotupendeza zaidi ni hili: walipoacha kutazama jani moja na kutazama majani sita ya mti ule ule, Nuru ilipanda hadi kati ya 74 na 88. Mashini ni ile ile. Kilichobadilika ni uvumilivu wa anayeishika.

Sasa tuache shamba, twende labo.

Nchi yetu ni ya pili duniani kwa wingi wa malaria, nyuma ya Nigeria. Hilo tunalisema bila kushangaa, kama tunavyosema mvua itarudi. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linaomba mgonjwa apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa ya malaria. Kupima ni kwa TDR, ile ya haraka, au kwa goutte épaisse: tone la damu kwenye kioo, rangi, kisha darubini inayokuza mara elfu. Mtu wa labo anatafuta vimelea, sehemu moja ya kioo baada ya nyingine. Fikiria ni kioo cha arobaini tangu asubuhi, wamama wamejaa kwenye benchi, na umeme umekatika mara mbili. Macho ni macho.

Kule Kampala, katika maabara ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Makerere, John Quinn, Rose Nakasi na wenzao walichukua simu ya kawaida na kutengeneza kishikizo cha kuifunga kwenye jicho la darubini. Picha za damu zilipigwa, na watu wa labo wenye ujuzi wakaweka alama juu ya kila kimelea walichokiona. Kompyuta ikajifunza kwa njia ile ile ya mihogo. Kazi hiyo waliitangaza 2016, na hawakuishia kwa malaria: waliijaribu pia kwa vijidudu vya kifua kikuu kwenye makohozi na kwa mayai ya minyoo kwenye choo. Tunachokipenda ni kwamba mashini inachora kisanduku kuzunguka kila kitu inachokishuku. Kwa hiyo mtu wa labo anaweza kuweka jicho pale pale na kusema kweli, au hapana, hii ni takataka ya rangi. Jibu linalokuja na alama ya pa kutazama linaweza kusahihishwa. Jibu linalokuja tupu, «ana» au «hana», linakuomba uamini tu.

Wamama wengi wana waume na wana wanaofanya kazi katika vumbi la machimbo, kwa hiyo tuseme neno moja juu ya kifua. Machi 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali kompyuta isome radio ya mapafu ili kuchuja nani apimwe kifua kikuu, kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Watoto hawamo katika ruhusa hiyo. Na hata kwa mkubwa, kompyuta inasema tu «huyu apimwe». Makohozi ndiyo yanathibitisha.

Sasa hatari tunayoiona sisi. Watu wanapenda sana jibu linalotoka kwenye mashini. Mtoto ana homa, kipimo kimesema hakuna malaria, mama anarudi nyumbani amepumua, na siku ya pili mtoto bado anaungua. Mama huyo asione haya kurudi kituo cha afya. Kipimo, kiwe cha TDR, cha darubini au cha simu, kinaweza kupita juu ya kimelea kama Nuru ilivyopita juu ya majani kule Tanzania. Na homa inaweza kuwa ya ugonjwa mwingine ambao hakuna aliyeutafuta. Mtoto anayetapika kila kitu, anayekataa kunyonya au kunywa, aliyeshikwa na degedege, au anayelala na kuamshwa kwa shida, anapelekwa saa ile ile, hata usiku, hata kama karatasi ya labo imeandikwa hapana.

Na tusidanganywe na kila programu. Siku hizi mtu anapiga picha upele wa mtoto na kuiuliza simu. Swali la kuuliza kwanza ni lile la mwalimu: ilijifunza kwa picha za nani? Kama ilionyeshwa ngozi nyeupe tu, haijajifunza kuona upele juu ya ngozi ya mtoto wetu, hata ikijibu kwa maneno mazuri. Nuru ilijifunza kwa mihogo ya pwani ya Tanzania. Wataalamu wa Makerere walikusanya picha zaidi ya 21,000 za majani ya mihogo, nyingi zikiwa zimepigwa na wakulima wa Uganda wenyewe katika mashamba yao, kisha zikatajwa magonjwa na wataalamu. Wakulima wale ndio walioifundisha mashini. Tungependa siku moja jani la Panda au la Kikula liwe ndani ya mazoezi hayo, likipigwa picha na mama anayejua picha yake inaenda wapi.

Mvua za Novemba zikikaribia, vijiti vitaanza kuhama mikononi. Katika kikundi, mmoja mwenye simu nzuri anaweza kuingiza Nuru na kuwasaidia wengine wanne au watano. Kwa kila mti unaotaka kukata vijiti, majani sita, ya chini pia, maana michirizi inapenda kuanza na majani ya zamani. Tazama chini ya jani kama kuna inzi weupe. Mti ambao simu imeushuku usiupande na usimpe mtu. Na mti ambao simu haikusema kitu, kabla ya kuufanya mbegu ya shamba zima, chimba muhogo wake mmoja au miwili, uikate vipande kwa kisu na utazame ndani kama ni mweupe hadi mwisho. Kazi hiyo simu haiwezi kuifanya.