Vakansi kubwa: kitabu kinasomwa kwa Kifaransa, kinasimuliwa kwa Kiswahili

Mwezi wa saba, Lubumbashi ni baridi. Jioni watu wanakaa karibu na mbabula, na umeme ukikatika kila mtu anatafuta taa ya simu. Ni hivyo mwaka jana tulimkuta msichana mmoja wa Katuba, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa humanités, akiwa na kitabu ku magoti. Mwalimu wake wa Kifaransa aliwapa kazi ya vakansi: kusoma « L'Enfant noir » ya Camara Laye yote, na kuleta rezyume siku ya kurudi darasani, mwezi wa tisa. Masomo yalikuwa yamefungwa tangu juma tatu. Msichana alikuwa ku ukurasa wa 9.

« Kila siku minaanza mupya, akatuambia. Nikifika ku neno ile sijue, minaacha. »

Mama yake, anayeuza unga ku soko, alicheka kwa haya. « Miye nitamusaidia namna gani? Kifaransa yangu iliishia ku masomo ya chini. Minamuambiaka tu: soma, soma. »

Maneno ya mama huyu tunayasikia ku nyumba nyingi. Wazazi tunasema « soma », kisha tunamtuma mtoto kuchota maji, kuangalia wadogo wake, kukaa ku meza ya biashara. Mwezi wa nane ukikaribia kuisha, ndipo tunauliza habari ya kitabu. Hapo mtoto anakopi rezyume ya rafiki, ao anaitafuta ku telefone. Inawezekana mwalimu ataipokea. Lakini mwisho wa humanités kuko Examen d'État, na ndani ya hors-session mtoto anaandika dissertation ya Kifaransa, kisha anaitwa kuongea Kifaransa kwa mdomo. Pale rezyume ya rafiki haisaidie kitu. Mtoto asiyemaliza hata kitabu kimoja anakosa maneno.

Kwa msichana wetu, aliyeleta dawa ni nyoka.

Jioni ile ile, nkambo wake aliuliza: « Ile kitabu yako inasema nini? » Msichana akasimulia kwa Kiswahili. Ni kule Kouroussa, inchi ya Guinée. Mtoto anaona nyoka mdogo mweusi anakuja kwa baba yake, fundi wa chuma. Hawamuue, kwa sababu baba anasema nyoka yule ndiye anamuongoza.

Nkambo akageuka ku kiti. « Njo vile! Wazee wetu walijua hiyo mambo. » Mama akakataa: nyoka ni nyoka, anapigwa. Wakabishana mpaka makala yakaanza kuzimika. Kisha mama akauliza: « Na huyo baba, kisha anafanya nini? » Msichana hakujua. Ilibidi asome.

Wakapatana hivi: kila jioni, kisha kula bukari, msichana anasimulia kwa Kiswahili kile alichosoma mchana. Mama anauliza mambo matatu: nani alifika? alifanya nini? na weye ungefanya namna gani? Kitabu kiko na sura 12. Wakipanga sura moja kwa siku tatu, ni siku 36, na mbele ya mwezi wa tisa zilibaki kama 40. Hesabu iliingia, na mama mwenyewe alianza kumtoa ku kazi za nyumba saa moja kila mchana. Sura ya pili, baba wa kitabu anayeyusha zahabu kwa kumtengenezea mwanamke pambo. Baba wa nyumba, fundi wa kuchomea vyuma, aliweka simu chini akasikiliza.

Tuliuliza mwalimu mmoja wa Kifaransa, wa Kampemba, kama Kiswahili hakitaharibu kazi. « Hapana, alisema. Mutoto mwenye kusimulia alisha kuelewa. Inabakia kumutafutia maneno. » Alitupa mashauri mawili. La kwanza: mtoto asisimame ku kila neno gumu. Aliwekee alama ya kalamu, aendelee mpaka mwisho wa ukurasa, kisha achague maneno matano tu ya kutafuta ku diksionere. La pili: rezyume iandikwe kila sura inapoisha, mistari mitano hivi, asingojee mwisho.

Na kama kitabu hakuna? « L'Enfant noir » ilitoka mu 1953, na inapatikana mara nyingi kwa wauzaji wa vitabu vya zamani. Watoto wanne wa darasa moja wanaweza kuchanga feza, wakasoma kwa zamu, ama mmoja akasoma kwa sauti. Waulize pia ku bibliotheki ya masomo na ya paroisse. Mwalimu akiacha mtoto achague, tungeanza na Zamenga Batukezanga, mwandishi wa kwetu Congo: « Bandoki » ama « Carte postale ». Kifaransa chake ni chepesi, na mambo yake ni ya nyumba zetu.

Mwisho wa mwezi wa nane tulirudi Katuba. Ilikuwa sura ya 12: kijana anapaswa kwenda Ufaransa kusoma, mama yake hataki kumuachilia, analia. Mama wa Katuba aliacha kupepea makala. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: « Na weye, ukimaliza masomo, utatuacha? »

Msichana hakujibu. Lakini rezyume aliyopeleka darasani, kurasa mbili kwa mkono wake, iliishia na neno lile la mama.

Sasa vakansi ya mwaka huu imeanza. Mama ndiye alituambia jina la kitabu kipya.